Shamba Darasa na Ardhi ya Kuazima: Vijana wa Usambara Wanavyojifunza Kilimo Endelevu

Siku ya shamba darasa huanza kabla umande haujakauka. Vijana wapatao 25 hukutana pembeni mwa shamba lililotolewa na mmoja wa wanakijiji, kisha hujigawa katika makundi ya watu watano watano. Kila kundi huingia shambani na daftari moja, kalamu moja na chupa tupu yenye kipande cha kitambaa cha kufunika mdomo wake. Hakuna anayeketi, na kwa karibu saa nzima hakuna anayehutubu. Bwana shamba mwenyewe, ambaye katika darasa hili huitwa mwezeshaji, husimama kando akingoja.

Kila kundi huteua mimea 10 kwa kuhesabu hatua, ili lisivutwe na mimea iliyostawi peke yake. Vijana huhesabu majani, hupima urefu wa shina, hushika udongo kujua kama una unyevu, na hugeuza kila jani kutazama upande wake wa chini. Kisha hurudi kivulini na kuchora walichokiona kwenye karatasi kubwa: mmea katikati, wadudu waharibifu upande mmoja, wadudu marafiki wa mkulima upande wa pili, na hali ya hewa juu. Chini ya mchoro huandikwa uamuzi: kupiga dawa au kutopiga, kupalilia au kungoja, kumwagilia au kuacha. Kundi husimama mbele ya wenzake na kuutetea uamuzi huo, nao wenzake wana ruhusa ya kuupinga.

Kwa mkazi anayepita njiani, hali hii hufanana na mchezo wa watoto wa shule. Ndiyo maana inafaa kueleza ilikotoka. Utaratibu huu ulianzia Indonesia mwaka 1989, kwa ushirikiano wa serikali ya nchi hiyo na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Wakulima wa mpunga walikuwa wakishambuliwa na mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu wa mmea, na kadiri walivyopiga dawa ndivyo mdudu huyo alivyoongezeka. Sababu ilikuja kufahamika: dawa iliua kwanza buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Mwaka 1986 serikali ilikuwa imepiga marufuku aina 57 za viuatilifu katika mpunga, lakini marufuku peke yake haikumfundisha mkulima la kufanya badala yake. Likabuniwa darasa lisilo na kuta, ambamo mkulima hukutana na wenzake msimu mzima, tangu kupanda hadi kuvuna, na kujionea mwenyewe. Kutoka huko mtindo huo ulienea Asia na Afrika, na Tanzania ukapata jina la shamba darasa.

Jani hugeuzwa kabla pampu haijajazwa

Katika wilaya inayolima nyanya, kabichi, karoti na viazi mviringo kama Lushoto, mfano ulio karibu zaidi ni wa nondo mdogo ambaye wakulima wamempa jina la kanitangaze. Mdudu huyu ana asili ya Amerika Kusini, na alithibitishwa kuwapo Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani, kisha huingia katika tunda, mahali ambapo dawa inayonyunyizwa juu haimfikii kwa urahisi. Aidha, amejenga usugu dhidi ya viuatilifu vingi. Mkulima aliyeona matundu katika nyanya zake huchanganya dawa mbili au tatu katika pampu moja, akitumaini kwamba mojawapo itamuua. Gharama hupanda, buibui hufa, na mnunuzi wa sokoni hupewa nyanya iliyopigwa dawa juzi.

Kijana wa shamba darasa hufundishwa kuanza mahali pengine. Tunda na majani yaliyoshambuliwa huokotwa na kufukiwa katika shimo refu, au hufungwa katika mfuko wa plastiki na kuachwa juani hadi viwavi vife. Hayatupwi ukingoni mwa shamba, kwa sababu kutoka hapo nondo atarejea baada ya siku chache. Mtego wenye harufu inayomvutia dume huwekwa juu ya beseni la maji yaliyotiwa sabuni kidogo, na idadi ya nondo wanaonaswa huandikwa daftarini kila wiki. Shamba lililotoa nyanya msimu huu halipandwi viazi mviringo, bilinganya, nyanya chungu wala mnavu msimu unaofuata, kwa kuwa mimea hiyo yote ni ya ukoo mmoja na adui mmoja huitembelea. Wakulima wengi hushangazwa na jambo hili. Wamekuwa wakibadilisha nyanya kwa viazi mwaka baada ya mwaka, wakiamini wanalipumzisha shamba, kumbe wanamwandalia mdudu chakula cha pili. Mahindi, karoti au kabichi ndiyo mabadiliko ya kweli.

Dawa haikatazwi. Kuna wakati uamuzi ulioandikwa chini ya mchoro husema wazi kwamba dawa inahitajika. Hapo darasa huenda kwenye kibandiko cha chupa: kiuatilifu kilichosajiliwa na mamlaka husika, kipimo kilichoandikwa, na siku ambazo lazima zipite kati ya kupiga dawa na kuvuna. Kijana anayejua kusoma kibandiko hicho na kukieleza kwa mama yake asiyejua kusoma ameifanyia afya ya nyumba nzima kazi kubwa.

Ile chupa yenye kitambaa nayo ina kazi yake. Buibui aliyekamatwa shambani hutiwa humo pamoja na viwavi wadogo, na chupa huwekwa kivulini. Juma linalofuata kundi hurejea kuhesabu viwavi waliobaki. Kijana aliyeshuhudia hesabu hiyo hupata shida kumuua buibui kwa mazoea.

Fremu ya herufi A

Sehemu ya mafunzo inayohitaji jasho zaidi ni kuzuia udongo usiteremke. Milima ya Usambara ina miteremko mikali, na mvua za masika hushuka kwa nguvu. Mkulima anayelima kwa kufuata mteremko huona udongo wake mweusi ukiondoka kwenda mtoni, na baada ya miaka michache jembe lake hugonga udongo mwekundu usio na rutuba.

Kifaa cha kwanza hakinunuliwi. Miti miwili yenye urefu wa takribani mita 2 hufungwa pamoja kileleni, miguu ikapanuliwa, na mti wa tatu ukafungwa katikati kwa kulala, hata umbo likafanana na herufi A. Kamba yenye jiwe huning'inizwa kutoka kileleni. Kabla ya kuanza kazi fremu husahihishwa: husimamishwa juu ya vigingi viwili, na mahali kamba inapogusa mti wa kulala huwekwa alama. Kisha fremu hugeuzwa, mguu wa kushoto ukakaa kwenye kigingi cha kulia na wa kulia kwenye cha kushoto, na alama ya pili huwekwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Vijana wenye haraka huiruka hatua hii, na mstari wao wote huharibika.

Baada ya hapo fremu hutembezwa kukata mteremko, mguu mmoja baada ya mwingine, na kigingi hupigwa kila mahali kamba inapotulia katika alama ya usawa. Mstari unaotokea mara nyingi haufanani na ule ambao jicho lingeuchora. Hupinda, hurudi nyuma, hupanda kidogo kumbe haupandi. Jicho la mtu hudanganyika mlimani, na mtaro uliochimbwa kwa jicho huinama upande mmoja. Maji ya mvua huuona mwinamo huo mara moja, hukusanyika, na mtaro uliokusudiwa kuokoa udongo hugeuka kuwa korongo.

Juu ya mstari uliopimwa huchimbwa mtaro wenye upana na kina cha takribani sentimita 60. Udongo ukirushwa upande wa juu, njia hiyo huitwa fanya juu; ukirushwa upande wa chini, huitwa fanya chini. Ukingo hupandwa majani ya Guatemala au matete, ambayo mizizi yake hushika udongo na majani yake hukatwa kulisha ng'ombe wa zizini. Ng'ombe hutoa samadi, samadi huingia katika mboji, na mboji hurudi shambani. Mboji yenyewe ina somo lake: tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, samadi, udongo kidogo wa juu, maji ya kutosha bila kuzidi, na mti mrefu uliochomekwa katikati. Mti ukichomolewa baada ya siku chache ukiwa wa moto na wenye unyevu, kazi inaendelea. Ukitoka baridi na mkavu, lundo linahitaji maji na kugeuzwa.

Kwa nini wazee huguna

Mwezeshaji kijana anayewaambia wazee wa Lushoto habari za kuchimba matuta na mitaro asishangae akisikia miguno. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha, kwanza katika bonde la Mlalo, mpango wa kuwalazimisha wakulima kujenga matuta katika mashamba yao. Asiyetii alitozwa faini au kufungwa. Kazi kubwa iliwaangukia wanawake, ambao ndio waliokuwa wakilima chakula cha nyumbani. Wananchi waliupinga mpango huo kwa miaka mingi, nao ukaachwa mwaka 1957. Katika milima ya Uluguru, ambako watu walilazimishwa kujenga matuta ya ngazi, upinzani wa mwaka 1955 uligeuka kuwa ghasia.

Haikuwa kwamba wakulima hao hawakujua thamani ya udongo. Walikuwa na kilimo chao cha mchanganyiko, migomba juu na mazao mengine chini, kilichofunika ardhi mwaka mzima. Walichokataa ni amri iliyokuja bila kuulizwa, na kazi ambayo mavuno yake hawakuyaona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine wa kuhifadhi udongo na kupanda miti mashambani, kwa ushirikiano na Ujerumani, uliofahamika kwa kifupi kama SECAP. Mradi huo ulikwenda kwa ushawishi, ukaunganisha majani ya ukingoni na ng'ombe wa maziwa wa zizini, na alama zake zingali zinaonekana. Kilichomvuta mkulima ni maziwa. Udongo ulihifadhiwa kwa sababu majani yalikuwa na mlaji.

Historia hii inafaa kusimuliwa katika shamba darasa lenyewe, kwa kuwa inawafundisha vijana swali la kuuliza kabla ya kumshawishi mtu achimbe: ni nani atakayepata faida, na lini?

Hesabu ya misimu mitatu

Swali la lini ndilo linalowabana vijana zaidi. Mtaro hula kipande cha shamba. Udongo uliotolewa chini haukuzoea kulisha mmea. Katika msimu wa kwanza mavuno yanaweza kupungua, hasa mahali ambapo samadi haikuwekwa, na hakuna haja ya kumficha mkulima jambo hili. Majani ya ukingoni huchukua muda kushika. Mboji ya kutosha eneo zima haipatikani kwa mkupuo mmoja. Mara nyingi ni katika msimu wa pili au wa tatu ndipo tofauti huonekana kwa macho.

Sasa chukua kijana wa miaka 22 aliyehitimu shamba darasa. Hana shamba lake. Analima kipande cha baba mdogo, au amekodi kwa jirani msimu mmoja kwa maneno ya mdomo. Akichimba mtaro mwaka huu, gharama na jasho ni vyake. Mavuno mazuri yatakuja wakati huenda shamba limerudi kwa mwenyewe, au limekodishwa kwa mwingine kwa bei ya juu kwa kuwa sasa limekuwa zuri. Kijana huyo akiamua kupanda nyanya, kuzipiga dawa kila wiki na kuondoka na fedha zake baada ya miezi minne, si mjinga wala mvivu. Amepiga hesabu. Mafunzo yanayomlaumu bila kuitazama hesabu hiyo yatatoa vyeti vingi na mitaro michache.

Mwenye shamba naye ana hofu yake, na si hofu ya bure. Katika mila za sehemu nyingi, mtu aliyepanda miti ya kudumu ameweka alama ya umiliki. Mzee anayemkataza mpangaji asipande miparachichi au migrevilea analinda urithi wa wanawe. Mtaro nao humtia shaka hiyo hiyo: leo kijana anachimba, kesho atadai alilijenga shamba hili.

Hofu hizi mbili hazitatuliwi na bwana shamba. Zinahitaji watu wakae pamoja.

Kinachoweza kuandikwa

Makubaliano ya kulima kwa misimu kadhaa hayahitaji lugha ngumu. Yanataja majina ya pande mbili, mipaka ya kipande kwa alama zinazoonekana, idadi ya misimu (ikiwezekana isipungue sita, yaani miaka mitatu ya vuli na masika), malipo na wakati wake. Kisha yanaingia katika yale ambayo husahaulika: mitaro itachimbwa na nani na ikarabatiwe na nani, majani ya ukingoni yatakatwa kwa ajili ya ng'ombe wa nani, miti ikipandwa, ni ya nani muda ukiisha, na mwenye shamba akilihitaji kabla ya muda, atamlipa nini kijana aliyechimba. Pande zote mbili zitie saini au dole gumba mbele ya mashahidi, mmoja wao akiwa wa familia ya mwenye shamba. Nakala moja ipelekwe katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, ambaye ataeleza kama ukubwa na muda wa makubaliano unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Jambo lililo muhimu kwa mzee liandikwe waziwazi: kulima, kuchimba mtaro na kupanda majani hakumpi mpangaji umiliki.

Wapo vijana wanaotaka ardhi yao wenyewe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, nayo haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila mwanakijiji aliyetimiza miaka 18. Kijana anayeomba ardhi na kukosa kuhudhuria mkutano amejinyima sauti mahali panapoamua. Sheria hiyo hiyo inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu mbele yake. Msichana aliyehitimu shamba darasa asiambiwe kwamba shamba lake liko kwa mume ambaye bado hajampata.

Kuhusu mikopo, sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha shamba darasa kinaweza kusajiliwa na kuomba. Tahadhari ni moja: marejesho huanza mapema, na mtaro haulipi deni katika msimu wake wa kwanza. Mkopo unafaa zaidi kwa miche, kuku au ng'ombe wa maziwa. Kuchimba kufanywe kwa mikono ya kikundi, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule, kama msaragambo unavyofanywa kwa barabara na shule.

Siku ya wakulima shambani

Karibu na mavuno kikundi huandaa siku ya wakulima. Vipande viwili vilivyopandwa sambamba, kimoja kwa desturi ya kawaida na kingine kwa njia ya mafunzo, huoneshwa kwa wageni na gharama zake husomwa hadharani. Kwa kawaida hualikwa diwani, mtendaji wa kata na vikundi vya kata jirani. Wageni hao wanastahili kualikwa, lakini mara nyingi viti vya mbele hujaa kabla wenye mashamba hawajafika, au hawakualikwa kabisa.

Baba mdogo aliye na ekari mbili mlimani ndiye mgeni anayehitajika kuliko wote. Apewe nafasi ya kuteremka ndani ya mtaro, kushika udongo uliokusanyika nyuma ya majani na kuulinganisha na ule wa kipande cha pili. Apewe fremu aitembeze mwenyewe. Aulize gharama, na ajibiwe na kijana aliyeshika daftari. Mwenyekiti wa kijiji akiwapo, mazungumzo ya makubaliano yanaweza kuanza palepale ukingoni mwa shamba, watu wakiwa wangali na matope miguuni, na kukamilishwa katika kikao cha familia.

Yafaa wakati uzingatiwe. Mitaro huchimbwa wakati wa kiangazi, kati ya Julai na Septemba, kabla mvua za vuli hazijaanza Oktoba; majani ya ukingoni hupandwa udongo ukishalowa. Vikundi vilivyopanda masika hufanya siku ya wakulima Juni au Julai, na hivyo hubaki wiki chache tu za kuzungumza, kuandika na kutia saini. Makubaliano yakifikiwa Oktoba, kijana atapanda vuli hiyo bila mtaro, na udongo wa msimu mmoja zaidi utateremka mtoni.